Ndama Hawakufa kwa Njaa

Mbweni, jioni ya kuamkia safari

Rukia mwanangu,

Umekwenda kuwaaga mashoga zako Tegeta, nami nimepata nafasi ya kukaa peke yangu na kalamu. Mambo ya chandarua, ya kandambili za bafuni na ya kutolala na nywele mbichi nimekwisha kuyasema mpaka umenicheka, sitayarudia. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo kila nikitaka kuyasema ana kwa ana naishia kusema mengine. Nitaiweka barua hii juu ya begi lako. Isome kabla hujalala. Usingoje mpaka ufike Morogoro, utakuwa umechelewa.

Watu wanapokuuliza kwa nini mtoto wa kike uende kusomea udaktari wa mifugo, una jibu lako moja. Nimelisikia ukimjibu mwalimu wako, nimelisikia tena juzi ukimjibu mjomba wako hapo barazani: "Baba alimfukuza mama kwa sababu ya ndama. Nataka siku moja nimwonyeshe." Wote wakacheka, na mie nikacheka. Lakini nilipoingia ndani nilikaa kitandani kitambo. Uliyosema ni kweli, mwanangu, ila ni nusu, na nusu hiyo umeipata kwangu. Sipendi uende nayo chuoni hivyo ilivyo.

Tulipohamia Mwananyamala ulikuwa bado unabebwa. Baba yako alikuwa karani katika shirika la umma, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Mshahara ulikuwa unaisha kabla mwezi haujafika kati, na haikuwa kwetu tu. Miaka ile kila nyumba ilikuwa na mradi wake uani. Huyu kuku, yule bata, mwingine ng'ombe. Ungemwona mkubwa wa ofisi amevua tai yake anakata majani kandokando ya barabara, na hakuna aliyemshangaa. Baba yako akamnunua Shani kwa mwenzake aliyehamishiwa Dodoma. Ng'ombe wa kisasa, mweusi, na baka jeupe begani. Akamjengea banda la mabanzi kwa mikono yake, akazunguka nalo kulitazama kama mtu aliyejenga ghorofa.

Kukamua nilijifunza mie. Baba yako alikuwa mwoga wa mateke. Asubuhi nilikamua, nikawauzia majirani kwa kikombe, na ziwa moja nilimwachia ndama. Ndivyo tulivyoelekezwa.

Ndama wa kwanza alikuwa dume. Alizaliwa mzima, mwenye manyoya ya kung'aa, wewe ukataka alale ndani. Baada ya wiki chache akaanza kutembea kama mzee mwenye kiuno kibovu. Miguu mikavu, mgongo umepinda. Tukasema kaumia. Siku moja tukamkuta amelala ubavu, amekufa. Majirani walikuja kutupa pole kama waliokuja msibani, na sie tukasema bahati mbaya, yakaisha.

Kisha wakaanza kupunguza watu mashirikani. Baba yako alirudi mchana, saa ambayo si yake, amebeba boksi lenye kikombe chake cha chai na rula. Alipita moja kwa moja mpaka bandani, akakaa na ng'ombe mpaka magharibi. Kuanzia siku ile maziwa hayakuwa tena ya kuongezea. Ndiyo yaliyokuwa chakula chetu, kodi yetu na daftari zako. Na baba yako, ambaye nilikuwa nimezoea kumwona jioni tu, akawa yupo nyumbani kutwa, hana pa kupeleka macho ila kwenye banda na kwangu.

Shani akazaa mara ya pili. Mtamba. Baba yako alifurahi furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu aachishwe kazi. Akamwita Faraja. Alikuwa anahesabu vizazi vyake kabla hata hajakauka manyoya: huyu naye atazaa, na mwanawe atazaa, tutahamia Boko, tutakuwa na ng'ombe wengi wa kufuga kweli kweli.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoteleza. Viatu vyako vya shule vilikuwa vimepasuka mbele. Nikaanza jioni kulikamua kidogo na lile ziwa la ndama, si lote, nusu yake, niuze kikombe kimoja au viwili zaidi. Sikumwambia baba yako. Nilijua atasema hapana, na sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu ambaye alikuwa amekwisha kubishana na dunia akashindwa. Nilimwona Faraja anashika chuchu, ananyonya kidogo, anaiachia, maziwa yanamchuruzika kidevuni. Nikasema moyoni, ameshiba huyu, mbona anamwaga? Nikaona sijamdhulumu.

Mbavu zikaanza kumtoka. Akatembea vilevile kama kaka yake, miguu mikavu, mgongo umepinda. Shangazi yako Mwajuma akaja kututembelea. Unamjua, mtu wa kusema anachokiona. Alisimama mlangoni mwa banda, kanga imefungwa kiunoni.

"Seif," akamwambia kaka yake, "huyu ndama ana njaa. Nyumba inauza maziwa kila siku, ndama anakondeana hivi? Kuna mtu anamnyima."

Baba yako akanigeukia. "Mwanahawa, jioni unamwachia ziwa zima?"

Ningesema tu. Ningesema, nimepunguza kidogo, kwa ajili ya viatu vya mtoto, na hata hicho ninachomwachia hakimalizi. Badala yake nikababaika. Nikasema ndiyo, nikasema wakati mwingine, nikasema sijui. Shangazi yako akaguna. Na baba yako akanitazama kama wanavyotazamwa watu wanaokamatwa sokoni na kitu cha mtu.

Faraja alikufa asubuhi, mbele yetu sote. Alijivuta akasimama, akamfuata mama yake kidogo, akaanguka, basi. Shangazi yako alikuwepo. Wapangaji wa chumba cha mbele walikuwepo. Wewe ulikuwepo umevaa sare. Baba yako akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Umemuua kwa tamaa yako." Nikanyamaza. Akarudia kwa sauti ya juu. Nikanyamaza tena. Kisha lile neno likamtoka, talaka, kama mtu aliyepaliwa, na nilimwona mwenyewe ameshtuka baada ya kulisikia. Lakini limesemwa na watu wamelisikia, na dada yake yuko hapo, na yeye alikuwa mtu ambaye hakuwa amebakiwa na kitu chochote ila neno lake.

Sehemu hiyo unaikumbuka. Uliniuliza njiani kama na Shani atakuja Mbweni.

Jambo ambalo hulijui ni hili. Bibi yako, mama yangu, alinipokea kwake Mbweni bila swali hata moja, Mungu amrehemu. Mie ndiye niliyejiuliza. Mwanzo nilijiambia nimeonewa. Kisha nikaanza kukumbuka zile jioni, lile ziwa, vile vikombe viwili, na mbavu za yule ndama. Wanawake kisimani walikuwa wakinyamaza nikifika. Miezi ikapita, na sikuwa tena najiuliza. Nilikuwa nimeamini. Nilijiona mie ni mtu anayeweza kumnyima mtoto wa mwenziwe maziwa mpaka afe, na sikujijua. Unakumbuka nilivyokuwa nakulazimisha kula? Bibi yako akinigombeza, "Mwache mtoto, ameshiba," na mie nakuongezea wali, nakuongezea samaki, mpaka siku moja ukatapika mkekani? Nilikuwa naogopa mbavu zako. Kila nikikuogesha nilikuwa nazipapasa.

Zaidi ya mwaka ulipita hivyo. Kisha baba yako akaja.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Wewe ulikuwa chuoni kwa mwalimu unasoma Kurani. Suruali yake ya ofisini ilikuwa imepauka magotini na alikuwa amekonda. Akamwamkia bibi yako, akakaa ukingoni mwa baraza kama mgeni, kofia mkononi. Akasema, "Mwanahawa, ndama hawakufa kwa njaa."

Nikaendelea kuchambua mchele.

Akaeleza. Shani alizaa mara ya tatu. Safari hii hakukamua hata tone kwa ajili ya kuuza. Alimwachia ndama maziwa yote, yeye mwenyewe akawa anakula kwa dada yake. Ndama akaanza vilevile. Anashika chuchu, anaachia. Miguu ikakauka. Akakimbilia Kinondoni kumwita daktari wa mifugo, akarudi naye, wakamkuta ndama amekufa. Daktari akampasua hapohapo uani. Baba yako alisema nyama ya paja ilikuwa na michirizi myeupe, kama nyama ya kuku iliyokwisha kuchemshwa, na moyo nao hivyohivyo. Daktari akamwambia kuna madini yamepungua, yanaitwa seleniamu.

"Nani?" bibi yako akauliza kutoka ndani. "Selemani? Selemani gani tena aliyeua ndama?"

Siku nyingine tungecheka. Baba yako alimjibu kwa adabu, "Si mtu, mama. Ni madini," akajaribu kulitamka tena lile neno polepole.

Nikamwambia, "Kwa hiyo ilibidi afe ndama mwingine ndipo uniamini mie?"

"Ndiyo," akasema. Hakuzunguka. "Sina la kujitetea. Nimekuja nikuoe upya, ukikubali. Nimekuja pia ujue, hata usipokubali."

Nikamwambia aende. Si kwa kelele. Nilimwambia kama unavyomwambia muuza mkaa kwamba leo hatuhitaji. Uliporudi ukaniuliza ni nani aliyekuwa anatembea kule mbali njiani, nikakwambia ni mtu anatafuta kiwanja. Ndio ulikuwa mwanzo wa watu kuja kuulizia viwanja huku, ukaamini.

Sikuyaamini maneno yake. Nilidhani amejitungia ili nirudi nikamkamulie. Wiki iliyofuata nikakuchukua tukaenda Kinondoni. Ile safari unaikumbuka, umenisimulia mwenyewe mara nyingi: ile ofisi yenye harufu ya dawa, picha kubwa ya ng'ombe ukutani, na yule daktari mwanamke wa bara, Daktari Anjela, aliyekupa bomba la sindano lisilo na sindano ulichezee. Njiani ulikuwa unadhani tunakwenda kuulizia kuku wa bibi. Nilikwenda kuuliza kama mie ni muuaji.

Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema ni kweli, yule ndama wa tatu alimpasua yeye. Kisha akasogeza kiti chake karibu, akasema Kiswahili cha kwao, cha kuvuta maneno.

"Mama, hayo madini yako kwenye udongo, kidogo sana. Majani yanayavuta, ng'ombe anakula majani. Mwili wa ng'ombe hauyaachi yakae tu. Unayaingiza ndani ya protini zake. Ziko protini ambazo bila hayo madini haziwezi kufanya kazi. Mojawapo kazi yake ni ulinzi. Msuli ukifanya kazi unatoa taka kali zinazouchoma wenyewe. Ile protini inazizima zile taka kabla hazijaharibu. Sasa udongo wenu wa mchanga hauna ya kutosha, na pumba peke yake haitoshi. Ndama anazaliwa hana akiba. Misuli inayofanya kazi zaidi ndiyo inayoungua kwanza. Miguu. Moyo."

Nikamwambia, "Daktari, lakini jioni nilimpunguzia maziwa. Kweli nilimpunguzia."

Akanitazama. Nadhani aliona nimekuja kwa ajili ya sentensi hiyo moja.

"Ulimi nao ni msuli, mama. Alikuwa anaachia chuchu kwa sababu hawezi kunyonya. Angekonda hata kama ungemwachia kiwele kizima. Na maziwa yenyewe ya mama yake hayakuwa na hicho anachokikosa, maana mama naye hana. Wewe hukumuua."

Ndipo wewe, na bomba lako mkononi, ukauliza, "Sasa mbona Shani mwenyewe hafi?"

Daktari alikugeukia kama anavyomgeukia mtu mzima. Akakujibu kwamba mkubwa anaweza kuvumilia muda mrefu, hakui tena, lakini mdogo anakua haraka na anahitaji kila kitu kwa pamoja. Akasema dawa ipo, sindano kwa ng'ombe mwenye mimba kabla hajazaa, na jiwe la chumvi lenye madini la kulamba. Akakuonya kwa kidole, kana kwamba wewe ndiye mwenye ng'ombe: "Lakini kidogo tu! Ikizidi, hiyohiyo inaua." Tangu siku ile ukaanza kusema utakuwa daktari. Nilikuwepo, nilikusikia. Kwa hiyo usiniambie unakwenda Morogoro kwa ajili ya kumwonyesha baba yako. Ulianza kwa sababu uliuliza swali zuri na mtu akakujibu.

Tulipotoka nilikaa ngazini nikalia, wewe ukawa unanipepea kwa daftari, unawaambia wapita njia, "Ni jua, ni jua tu." Ulikuwa mtoto mwema.

Ningekuwa na akili, pale pale ningevuka nikaenda Mwananyamala. Si mbali. Lakini ile hatia iliponitoka pale ngazini, mahali pake ikaingia hasira. Nilipokuwa nadhani nina hatia sikuwa na hasira na mtu. Sasa nilikuwa nayo tele. Nikawaza ule mwaka mzima niliojitazama mikono yangu kwa woga. Nani atanilipa? Nikamtuma mjomba wako kwa baba yako: nitarudi, lakini kwanza dada yake Mwajuma aje Mbweni, asimame mbele ya watu kama alivyosimama bandani, aseme kwa mdomo wake kwamba alikosea.

Baba yako akaja tena, wewe ukiwa shule, akasema anamshawishi. Akaja mara nyingine, akasema dada amekasirika, tumpe muda. Bibi yako akanivuta chumbani. "Mwanangu, mtu amekuja na maneno yake mwenyewe. Ya dada yake unayatakia nini?" Nikamwambia ni heshima yangu. Baba yako akapunguza kuja, kisha akaacha. Nikajiambia, unaona? Hakuwa na nia.

Rukia, nilimwomba mtu kitu ambacho hakikuwa chake kunipa. Kile kilichokuwa chake alikileta mwenyewe, amekishika mkononi na ile kofia, nikamwambia leo hatuhitaji.

Siku nyingi zikapita mpaka hasira ikachoka yenyewe. Asubuhi moja niliamka sina. Nilivaa doti mpya ya kanga, nikakuacha na bibi yako, nikaenda Mwananyamala bila kumwambia mtu. Njia nzima nilikuwa najaribu sentensi ya kwanza. Nilipofika nikapita uani moja kwa moja, kama mwenye nyumba.

Bandani alikuwepo Shani, na ubavuni mwake ndama. Ndama mkubwa tu, mnene. Alikuwa ananyonya kwa fujo, anampiga mama yake kiwele kwa kichwa, mkia unazunguka, povu la maziwa limemjaa mdomoni. Aliponiona akaruka, akakimbia kuzunguka uani, miguu minne juu, akarudi kunyonya. Sijawahi kuona kiumbe mzima namna ile. Nikasimama namtazama. Nikaelewa kwamba baba yako alimchoma Shani ile sindano, alifanya kila alichoambiwa, na imefaa.

Mama Chausiku wa nyumba ya pili akatoka na ndoo ya pumba. "Mama Rukia! Karibu, shoga, siku nyingi. Ng'ombe nimemchukua mie sasa, baba Rukia ameniuzia pamoja na ndama wake."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Akaiweka ndoo chini. Nilijua kabla hajasema. "Kumbe hukuambiwa? Ameoa. Amehamia Temeke, ndio kwanza mwezi huu."

Nikamwambia nilikuwa napita tu. Akanipa maji nikanywa. Tukazungumza habari za ndama, anakula nini, amekuaje. Sentensi yangu ya kwanza nilirudi nayo Mbweni.

Usifikiri nakwambia kwamba tungeishi raha mustarehe. Sijui. Alinitamkia neno zito mbele ya watu, na huenda angelitamka tena siku nyingine kwa jambo jingine. Mke aliyemwoa ni mtu mwema, nimemwona, ana subira kuliko mie. Nakwambia tu kwamba hakututupa. Alikuja. Mie ndiye niliyemwacha barazani, na wewe nikakuacha uamini hakuja kamwe, kwa sababu kila mwaka uliopita ulilifanya jambo lile kuwa gumu zaidi kulisema. Ada zako alizokuwa akileta mjomba zilikuwa zinatoka Temeke. Sina haja ya kusema zaidi ya hapo.

Mwaka juzi, ukiwa likizo, ulikuwa unanisaidia kupara samaki wa kukaanga. Ukaanza kunieleza yale uliyosoma: kwamba hata sie binadamu tunazo protini hizohizo, kwamba tezi ya shingoni haiwezi kufanya kazi yake vizuri bila hizo, kwamba ziko nchi ambazo udongo wake ni maskini na watoto walikuwa wanalegea moyo na kufa, na madaktari walihangaika sana kabla hawajajua. Ukasema sie wa pwani samaki anatutosheleza, hatuna shida. Uliendelea kupara, magamba yanaruka, na mie nikasimama na kisu mkononi. Nyumba ile ya Mwananyamala ilikuwa inakula dagaa na changu karibu kila siku. Sie madini yale tulikuwa nayo. Uani, nyuma ya ukuta, mnyama aliyetulisha alikuwa hana. Uliniuliza mbona natoa machozi, nikasema ni moshi. Hapakuwa na moshi, kuni zilikuwa bado hazijawashwa. Ulijua, lakini ulininyamazia.

Huko unakokwenda watakufundisha kupasua na kutazama ndani. Utafika kwenye mabanda ya watu, ndama ameanguka, na watu wamekusanyika. Kabla hujainama kumshika mnyama, watazame na wale waliosimama. Katika kila kundi namna hiyo yuko mmoja aliyesimama kando kidogo, hasemi. Mara nyingi ni mke, au ni yule anayemchunga. Huyo ameshaambiwa ni yeye, au ameshajiambia mwenyewe. Ukishajua sababu, mwambie yeye kwanza. Mwambie mbele ya wengine, kwa maneno mepesi kama Daktari Anjela alivyoniambia mie. Usiondoke mpaka uone amekusikia. Baada ya hapo ndipo uwaeleze wengine habari ya dawa.

Na wewe mwenyewe, siku utakayoambiwa umeharibu kitu, na utaambiwa, sema ulichokifanya chote na usiseme ambacho hukukifanya. Mie niliuficha ukweli mdogo, nikashindwa kuukana uongo mkubwa.

Nimebakiza moja.

Jana mchana, nikiwa mezani kwangu pale barabarani nakaanga, mtu alisimama mbele yangu akanunua kipande cha nguru. Sikumtambua mpaka aliposema, "Umzima, Mwanahawa?" Baba yako amezeeka. Meno ya mbele hana. Alikuwa amesikia kwa Mama Chausiku kwamba unakwenda kusomea mifugo. Alikula yule samaki amesimama, polepole, upande mmoja wa mdomo.

"Ana hasira na mie?" akauliza.

"Anayo."

"Ana haki."

"Hana haki ya yote," nikamwambia. "Nyingine inanistahili mie, sijamwambia bado."

Akainamisha kichwa. Akasema hakuja kuomba kitu. Anataka tu kukubebea sanduku mpaka stendi, na kama hutaki aongee hataongea, atalibeba na kurudi. Nikamwambia aje. Sikukuuliza kwanza, unisamehe. Nimekwisha kuona kinachotokea nikiamua mie peke yangu nani aje na nani asije, lakini safari hii naona afadhali nikosee kwa kumruhusu.

Atafika alfajiri, baada ya sala, kabla ya gari la kwanza. Mie nitakuwa jikoni nakutilia chai kwenye chupa, na hata nikisikia hodi sitatoka. Nenda ukafungue wewe, mwanangu. Mwamkie. Yanayofuata baada ya shikamoo sikupangii.

Ni mie mama yako,
Mwanahawa